Dola tatu zaidi kwa mtoto mmoja: jinsi thamani ya dawa inavyopigiwa hesabu

Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Watoto 5,425 waliolazwa kwa malaria kali waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walipewa sindano za artesuneti, nusu wakapewa sindano ya kwinini, dawa iliyotumika kwa miongo mingi. Katika kundi la kwinini walifariki watoto 297 kati ya 2,713, yaani asilimia 10.9. Katika kundi la artesuneti walifariki 230 kati ya 2,712, asilimia 8.5.

Kwa daktari wa wodi, mjadala uliishia hapo. Kwa anayesimamia bajeti ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Artesuneti ilikuwa ghali kuliko kwinini, na fedha za kuinunulia zingetoka katika fungu lilelile linalonunua dawa za uzazi, damu salama na vipimo. Akiongeza hapa, atapunguza pengine. Swali lake basi halikuwa kama dawa mpya ni nzuri. Lilikuwa: hicho kidogo ninachoongeza kinaninunulia nini, na je, kingeninunulia zaidi mahali pengine?

Mwaka 2011 wachumi wa afya walitoa hesabu iliyotokana na utafiti huohuo. Kumtibu mtoto mmoja kwa artesuneti, kila kitu kikijumlishwa, kuligharimu wastani wa dola 66.5 za Marekani. Kwa kwinini ilikuwa dola 63.5. Tofauti ni dola 3. Iweke tofauti hiyo kando ya tofauti ya vifo. Ukitumia idadi halisi ya vifo badala ya asilimia zilizokwisha kukatwa desimali, utaona kuwa katika kila watoto 41 wanaotibiwa kwa artesuneti badala ya kwinini, anapona mmoja ambaye angekufa. Dola 3 mara 41 ni dola 123. Hiyo ndiyo gharama ya kuepusha kifo kimoja kwa kubadili dawa.

Kugawa huku kuna jina: uwiano wa nyongeza. Juu inakaa gharama iliyoongezeka, chini inakaa faida iliyoongezeka. Uchumi wa dawa mzima, pamoja na mabuku yake na programu zake za kompyuta, ni mabishano juu ya kipi kiingie juu na kipi kiingie chini ya mstari huo.

Tuanze na juu. Kupata dola 66.5 kunahitaji kazi tatu zinazofuatana: kuorodhesha kila kinachotumika, kuhesabu kila kimoja kinatumika kiasi gani, kisha kukitia bei. Wanaoanza hukimbilia hatua ya tatu. Wanachukua bei ya kichupa kutoka katika orodha ya bohari, wanazidisha, wanaandika jibu. Lakini mtoto hatibiwi kwa kichupa peke yake. Kuna kanyula, mabomba ya sindano, dripu na mipira yake, kipimo cha malaria, kipimo cha sukari, damu ya kuongezewa kwa mwenye upungufu mkubwa, siku za kulala kitandani, na saa za muuguzi. Saa za muuguzi ndizo zinazosahaulika kuliko vyote, kwa sababu mshahara wake unalipwa na fungu jingine.

Hapo ndipo kwinini inapopoteza sehemu ya unafuu wake. Kipimo chake cha kwanza ni miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, na hakiruhusiwi kuingia mwilini kwa kasi inayozidi miligramu 5 kwa kilo kwa saa. Kwa hiyo dripu ya kwanza inachukua saa 4 kamili, kisha nusu ya kipimo hicho inarudiwa kila baada ya saa 8. Ikiachiwa ikimbie, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vinaweza kuvurugika. Dawa yenyewe hushusha sukari mwilini, hivyo mtu anatakiwa arudi kupima. Katika utafiti ule, watoto walioshuka sukari baada ya kuanza dawa walikuwa asilimia 2.8 kwa kwinini na asilimia 1.8 kwa artesuneti. Artesuneti huchomwa kwa dakika chache, saa 0, saa 12 na saa 24, na baada ya hapo mara moja kwa siku mpaka mtoto aweze kumeza dawa mseto. Tofauti hiyo ya kazi ina bei, ingawa haionekani katika ankara ya bohari.

Kuna tundu jingine ambalo hesabu nyingi hutumbukia: dawa inayomwagwa. Kichupa cha kawaida cha artesuneti kina miligramu 60. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani tangu 2015 unataka mtoto aliye chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kilo, na aliye na kilo 20 au zaidi apewe 2.4. Mtoto wa kilo 14 anahitaji miligramu 42 kwa sindano moja. Dawa ikishachanganywa haisubiri sindano ya saa 12 zijazo, kwa hiyo miligramu 18 zinazobaki zinatupwa. Sindano tatu za mwanzo ni vichupa vitatu. Anayehesabu kwa miligramu atasema 126 gawanya kwa 60, vichupa 2.1, na tayari gharama ya dawa imepungua kwa asilimia 30 kwenye karatasi bila kupungua hata senti kwenye stoo. Mtoto wa kilo 28 ni balaa zaidi: anahitaji miligramu 67.2, kwa hiyo kila sindano inafungua vichupa viwili na karibu asilimia 88 ya kichupa cha pili inamwagwa. Mpaka ni kilo 25, ambapo 2.4 mara 25 inatoa 60 kamili. Ndiyo maana mchanganuzi mzuri huomba kwanza mgawanyo wa uzito wa wagonjwa, kabla hajauliza bei.

Gharama ni za nani? Hili linaamuliwa mwanzo na kuandikwa wazi, maana linabadilisha jibu. Ukisimama upande wa hospitali au mfuko wa bima, nauli ya mama kutoka kijijini, chakula anachonunua nje ya geti na siku za kuvuna alizopoteza hazimo. Ukisimama upande wa jamii nzima, zimo zote. Hakuna upande ulio sahihi daima. Kilicho kosa ni kuchanganya: kuingiza nauli kwa dawa moja na kuiacha kwa nyingine, au kuhesabu dawa ya msaada kuwa ya bure. Dawa iliyolipiwa na mfadhili ina bei, na mfadhili akiondoka bei hiyo inabaki mezani ikimsubiri mwenye nchi.

Ipo pia akiba ya uongo. Wauzaji hupenda kuonyesha kwamba dawa yao inapunguza siku ya kulala wodini, kisha wanaizidisha siku hiyo kwa gharama ya kitanda na kuitoa kwenye bei. Mgonjwa akitoka siku moja mapema, mshahara wa muuguzi haupungui, wala bili ya umeme, wala kodi ya jengo. Kilichopatikana ni kitanda kitupu. Katika wodi ambayo watoto wawili wanalala kitanda kimoja, kitanda kitupu ni faida kubwa kweli, ila si fedha unazoweza kwenda kununulia dawa. Anayekaa kwenye kamati ya dawa afanye zoezi dogo: atoe akiba za namna hii kwenye hesabu na aone kama hitimisho bado linasimama.

Sasa twende chini ya mstari. Kuhesabu vifo vilivyoepushwa kunatosha unapolinganisha dawa mbili za malaria kali. Hakukusaidii unapotaka kulinganisha malaria na mtoto wa jicho, ambaye haui mtu, au na kifafa. Panahitajika kipimo kimoja cha kupimia yote. Viko viwili vinavyotawala, na vinachanganywa kila siku.

Cha kwanza huitwa kwa kifupi DALY: miaka ya afya iliyopotea. Unajumlisha miaka ambayo mtu amekufa mapema na miaka aliyoishi na ulemavu, kila mwaka wa ulemavu ukipewa uzito kati ya 0, maana yake afya kamili, na 1, maana yake sawa na kifo. Kilisambaa kupitia ripoti ya maendeleo ya Benki ya Dunia ya mwaka 1993, na ndicho kinachotumika sana katika nchi zetu. Kwa kuwa kinapima hasara, ubora wa dawa ni kiasi inachokiepusha.

Cha pili ni QALY, nacho kimegeuzwa: kinapima miaka iliyopatikana, 1 ikiwa afya kamili na 0 ikiwa kifo. Anayeishi miaka 4 akiwa na hali iliyopewa 0.5 ana QALY 2. Alama hizo huwa zinatoka katika dodoso la mambo matano: kutembea, kujihudumia, kufanya shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Kila jambo lina ngazi tano, hivyo zinapatikana hali 3,125. Dodoso lenyewe lipo kwa Kiswahili. Kisichotafsirika ni alama, kwa sababu zinatokana na kuwauliza watu wa nchi fulani wangekubali kupoteza nini ili waepuke hali fulani. Maana ya kushindwa kutembea kwa mkulima wa Rungwe si ileile kwa karani wa London anayefanyia kazi nyumbani. Nchi chache za Afrika, Ethiopia na Uganda zikiwemo, zimetengeneza alama zake. Ukikuta uchambuzi wa nchi yako umetumia alama za Uingereza bila kusema kwa nini, weka alama ya kuuliza pembeni.

Katika utafiti wa malaria kali, mtoto mmoja wa kundi la kwinini alipoteza wastani wa DALY 3.0, na wa artesuneti 2.3. Jibu lililochapishwa ni dola 3.8 kwa kila DALY iliyoepushwa. Ukigawa 3 kwa 0.7 utapata 4.3 na utadhani wamekosea; ni makato tu ya desimali, kwa kuwa wao waligawa namba kabla ya kuzikata. Lakini linganisha namba mbili za mwisho, 123 na 3.8. Ukigawa ya kwanza kwa ya pili unapata karibu 32. Maana yake kila mtoto aliyeokolewa amehesabiwa kuwa na miaka kama 32 ya afya, wakati mtoto mdogo anayepona malaria anaweza kuishi 60 na zaidi. Miaka mingine imeenda wapi?

Imeliwa na punguzo la muda. Wachumi huchukulia kuwa faida ya mwaka huu ina uzito kuliko faida ileile ya miaka 40 ijayo, kama vile shilingi ya leo na shilingi ya mwakani. Kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3 kwa mwaka. Uingereza hutumia 3.5. Kwa asilimia 3, miaka 60 mfululizo inasinyaa na kuwa kama 28. Hesabu za DALY za zamani ziliongeza pia uzito wa umri, uliompa kijana mwenye nguvu za kazi thamani kuliko mtoto mchanga au mzee, na makadirio ya kimataifa ya mzigo wa magonjwa yaliyotolewa baada ya 2010 yaliacha uzito huo na punguzo pia. Huu si undani wa wataalamu peke yao. Punguzo linakandamiza chanjo na kinga, ambazo gharama yake ni leo na matunda yake ni baadaye sana, na linazipa nafasi dawa ambazo faida yake inaonekana wiki hiihii. Chanjo ya homa ya ini B, ambayo saratani inayoizuia ingekuja ukubwani, inaweza kuonekana nafuu sana au ya wastani tu kwa kubadilisha namba moja hii.

Mtego mkubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, uko katika neno nyongeza. Dawa mpya ilinganishwe na nini? Jibu sahihi ni kile ambacho wagonjwa wanapata sasa, au kile bora kinachofuata. Ukiilinganisha na kutofanya chochote, karibu kila dawa duniani itaonekana ya maana. Kampuni inayoleta dawa mpya ya shinikizo la damu ikaipambanisha na kidonge kisicho na dawa, wakati kila hospitali ya wilaya ina amlodipini ya bei ya chini, imekuonyesha faida ambayo sehemu yake kubwa tayari unayo.

Mfano uliobaki vitabuni ni wa mwaka 1975, katika jarida la tiba la New England. Wakati huo nchini Marekani ilipendekezwa kupima kinyesi mara sita mfululizo kutafuta damu iliyojificha, dalili ya saratani ya utumbo mpana. Ukichukua gharama zote za vipimo sita na kuzigawa kwa saratani zote zilizogunduliwa, unapata dola 2,451 kwa kila moja, bei ambayo haimtishi mtu. Lakini kipimo cha kwanza peke yake kilikuwa kimekwisha kunasa wengi, cha pili karibu wote waliobaki. Waandishi wakatenga kipimo cha sita na kuuliza kiliongeza nini. Kila saratani iliyoongezwa na kipimo hicho ilikuwa na gharama iliyozidi dola milioni 47. Wapo waliokosoa baadaye namba walizoanzia, ila hesabu yenyewe haijapingika: wastani ulificha kila kitu. Ndivyo inavyokuwa pia kliniki inapoongeza mahudhurio kutoka manne hadi manane, au inapoongeza dawa ya tatu juu ya mbili zinazofanya kazi.

Tukishapata uwiano, tunaamuaje kama ni nafuu? Dola 3.8 kwa DALY haisemi ndiyo wala hapana mpaka iwe na kikomo cha kupimiwa. Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayopima dawa zipi zinafaa kugharamiwa na huduma ya afya ya nchi hiyo, iliyoanza 1999, kwa zaidi ya miaka 20 ilitumia pauni 20,000 hadi 30,000 kwa QALY. Thailand iliweka bati 160,000, bati ikiwa sarafu ya nchi hiyo. Kwa nchi nyingine ilizuka desturi ya kutumia pato la taifa kwa kila mtu: chini ya pato moja, dawa ni nafuu sana, kati ya moja na tatu, ni nafuu, zaidi ya hapo, si nafuu. Desturi hiyo ilitokana na kazi ya tume ya uchumi na afya ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2001 na ikaenea kama moto wa nyika, kwa sababu ni rahisi. Tatizo ni kwamba haina uhusiano na fedha zilizopo. Kwa nchi yenye pato la dola 1,200 kwa mtu, kiasi cha Tanzania, kikomo cha mara tatu ni dola 3,600 kwa mwaka mmoja wa afya. Ukikubali kila kitu kilicho chini ya hapo, bajeti ya wizara itakwisha kabla hujamaliza ukurasa wa kwanza. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wenyewe waliandika mwaka 2016 kuwa kikomo hicho kisitumike peke yake kuamua.

Njia yenye mantiki zaidi ni kuuliza: fedha zikiondolewa katika huduma zilizopo, tunapoteza afya kiasi gani? Hiyo ndiyo gharama ya fursa, na ndiyo inayopaswa kuwa kikomo. Wachumi wa Chuo Kikuu cha York walipoipima kwa huduma ya afya ya Uingereza, makadirio yao ya 2015 yalikuwa pauni 12,936 kwa QALY. Maana yake, kila dawa iliyokubaliwa kwa pauni 30,000 ilikuwa ikiwanyang'anya wagonjwa wengine, wasioonekana na wasio na chama cha kuwatetea, zaidi ya QALY mbili ili kumpa mmoja QALY moja. Kwa Malawi, makadirio ya mwaka 2016 yalitoa kikomo cha kati ya dola 3 na 116 kwa QALY, sehemu ndogo tu ya mara tatu ya pato. Artesuneti kwa dola 3.8 inapita katika karibu upana wote huo, ingawa kipimo kimoja ni DALY na kingine QALY, na kulinganisha kwa hesabu ya vidole kunatosha kwa leo. Ni dawa chache zinazopita mlango mwembamba kiasi hicho.

Dawa inaweza kupita kikomo na bado isinunulike. Vidonge vya sofosbuvir vya homa ya ini C viliingia sokoni Marekani mwishoni mwa 2013 kwa dola 1,000 kidonge kimoja, dola 84,000 kwa wiki 12. Vinaponya kabisa, na nchini Uingereza, kwa bei ya huko, NICE iliona vinafaa. Lakini wagonjwa walikuwa wengi mno kutibiwa wote kwa mpigo, na huduma ya afya ikalazimika kuwapanga foleni. Mwaka 2017 ikawekwa kanuni kwamba dawa yoyote itakayogharimu zaidi ya pauni milioni 20 kwa mwaka katika miaka mitatu ya mwanzo irudi kwenye mazungumzo ya bei. Kwa hiyo pamoja na uwiano kunafanywa hesabu ya pili, ya mzigo kwa bajeti: wagonjwa wangapi wapo, wangapi watafikiwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, dawa ipi itaachwa na itaokoa kiasi gani. Hii haina punguzo la muda wala DALY. Ni fedha taslimu mwaka kwa mwaka. Tuseme nchi inalaza watoto 100,000 wa malaria kali kwa mwaka: dola 3 kwa kila mmoja ni dola 300,000. Kosa la kawaida hapa ni kudhani wagonjwa watabaki walewale. Dawa rahisi kutumia huvuta wengi, na sindano iliyokusudiwa malaria kali huanza kuchomwa watu wenye malaria ya kawaida ambao vidonge vingewatosha. Hapo hesabu ya dola 3.8 imekufa, kwa kuwa haikufanywa kwa ajili yao.

Kwa sababu hiyo orodha za dawa huwa na ngazi. Tanzania ina Mwongozo wa Matibabu uliounganishwa na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, na kila dawa ina herufi: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya rufaa ya mkoa, S ya kibingwa. Wengi huiona herufi kama jambo la ujuzi wa mtoa huduma tu. Ni uamuzi wa kiuchumi pia. Dawa ileile inaweza kuwa na thamani hospitali ya mkoa, ambako kuna kipimo cha kumchagua mgonjwa, na isiwe nayo zahanati ambako kila mwenye homa atapewa. Kenya nayo, baada ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, imegawa fedha katika mifuko mitatu: huduma za msingi, bima ya afya ya jamii, na dharura na magonjwa sugu mazito. Kuigawa fedha hivyo ni kuamua mapema ni makundi gani ya wagonjwa hayatashindanishwa moja kwa moja, jambo ambalo uwiano wa nyongeza peke yake usingelifanya.

Na lazima namba ziyumbishwe. Kila uchambuzi unasimama juu ya makadirio kadhaa, na mengine ni ya kubahatisha kuliko waandishi wanavyokiri. Unachukua moja, unalipandisha na kulishusha, unaona jibu linakwenda wapi. Halafu unayatikisa yote kwa pamoja, mara elfu au elfu kumi, kompyuta ikichagua thamani ndani ya mipaka yake, na unahesabu ni mara ngapi dawa ilibaki chini ya kikomo. Msomaji asiyependa takwimu anaweza kuruka grafu zote na kutafuta kitu kimoja: ni namba ipi ikibadilika hitimisho linapinduka? Ikiwa ni bei, basi uchambuzi huo ni silaha ya mezani siku ya kujadiliana na muuzaji, kwa sababu unaonyesha bei ambayo juu yake hununui. Ikiwa ni muda ambao faida inadhaniwa kuendelea baada ya utafiti kwisha, tahadhari. Dawa nyingi za saratani hupimwa kwa miezi 18 kisha faida yake inachorwa kwa miaka 20.

Kwa artesuneti, namba ya kutikisa leo ni ile ya vifo. Vimelea vyenye ukinzani kiasi dhidi ya dawa za jamii ya artemisinini, ambamo artesuneti imo, vimethibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania, kwa upande wa Tanzania mkoani Kagera. Ukinzani huo unachelewesha vimelea kutoweka katika damu. Haujaifanya sindano kushindwa, na bado ndiyo inayopendekezwa kwa malaria kali. Lakini tufanye kama mchanganuzi na tudhani kwamba pengo la vifo dhidi ya kwinini limepungua nusu, kutoka asilimia 2.4 hadi 1.2. Watoto wa kutibiwa ili kuepusha kifo kimoja wanapanda hadi karibu 83, na gharama inafika dola 250 kwa kifo, au kama dola 7.6 kwa DALY. Bado iko karibu na sakafu ya makadirio ya Malawi. Ongeza dawa inayomwagwa kwa kila mtoto mkubwa, ongeza na kupanda kwa bei, na haijafika dari. Mahali inapoanguka ni pamoja tu: stoo ikiwa tupu na mtoto akatundikiwa kwinini iliyoagizwa kwa haraka duka la nje, nyongeza ya gharama ipo na nyongeza ya faida ni sifuri, na sifuri chini ya mstari haigawanyiki.